Taarab ya mchango mtaani: namna ya kuiandaa bila ya kumfedhehesha mtu

Mwaka wa kwanza tulipoandaa taarab ya kuwachangia watoto wa skuli wa mtaani kwetu Ng'ambo, Unguja, karibu kila kitu kilikwenda vizuri. Ukumbi ulijaa, sare zilipendeza, fidla ililia mpaka mabibi wakajifuta machozi kwa ncha za kanga, na fedha zilipatikana. Kisha tukawaita watoto jukwaani mmoja mmoja, kwa majina yao na ya baba zao, tukawakabidhi mikoba na viatu huku watu wakipiga makofi na simu zikipiga picha. Skuli zilipofunguliwa, msichana mmoja alikwenda na ndara zake zilezile. Nilipomuuliza mama yake, alinivuta ndani, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba viatu viko chini ya kitanda. Wenzake darasani walishavipa jina: "viatu vya taarab."

Tumeandaa mara kadhaa tangu hapo, na kila tulichokibadilisha kilianzia kwenye viatu vile. Sasa tunafuata kanuni moja. Anayetoa aonekane akitaka. Anayepokea asionekane na yeyote. Taarab yenyewe ni ya hadhara, sare zimeshonwa ili zionekane, na tunza, fedha anazopewa mwimbaji, hutolewa mbele ya macho ya watu. Hayo yote ni mazuri. Kazi ya mwandalizi ni kuhakikisha kwamba mwanga wote huo unaishia jukwaani, haufiki kwenye kitanda cha mtoto wa mtu. Nitaeleza tunavyofanya, hatua kwa hatua, ili mtaa wenu usilazimike kujifunza kwa njia tuliyojifunza sisi.

Hatua ya kwanza: wahesabuni watoto kwanza

Watu wengi huanza kwa kutafuta kundi la kupiga. Anzeni na watoto. Teueni watu watatu: mwalimu mmoja wa skuli, mwalimu wa chuo cha Kurani, na mama mmoja wa mtaani ambaye watu humpelekea siri zao. Huyo wa tatu ndiye muhimu kuliko wote. Kila mtaa unaye. Ndiye anayejua nyumba gani jiko halikuwashwa jana, na hajapata kumwambia mtu. Hao watatu ndio watakaojua majina, basi. Mimi siyajui majina ya watoto wa mtaa wangu mwenyewe, na sitaki kuyajua.

Kwa wanakamati wengine, kila mtoto ni namba. "Namba 4, msichana, darasa la tatu, kiatu 33." Hayo yanatosha kwa fundi cherehani na kwa mwenye duka. Msigawe fomu za kuomba, wala msitangaze kwamba wenye shida waje wajiandikishe. Mwenye shida hasa haji kujiandikisha. Atakuja yule mwenye uso mkavu, na yule mjane wa nyumba ya nyuma atafunga dirisha asisikie.

Idadi ikishapatikana, nendeni sokoni Darajani mkaulize bei ya kila kitu: kitambaa cha sare, ufundi, ushungi kwa wasichana, viatu, soksi, mkoba, madaftari. Jumlisheni mahitaji ya mtoto mmoja, kisha mzidishe kwa idadi. Hilo ndilo lengo lenu, na ndilo litakalotangazwa: watoto kadhaa, shilingi kadhaa. Ni bora watoto 20 wakamilike kuliko 60 kupata madaftari mawili mawili. Na fedha zikipungua, kateni mkoba, msikate viatu. Mtoto anaweza kubeba vitabu kwenye mfuko wa kitambaa bila ya mtu kumwangalia mara mbili, lakini miguu huonekana.

Hatua ya pili: tarehe

Wakati mzuri ni wiki chache kabla ya skuli kufunguliwa, ila kalenda ya visiwani ina mambo yake. Ramadhani hakuna ngoma wala taarab, kwa hiyo msiupange mwezi huo wala usiku wa mwisho wa Shaabani, maana watu wako kwenye vunja jungu na mifuko yao imekwisha tobolewa na manunuzi. Siku za Idd watu wana furaha na nguo mpya, lakini familia zote ziko uwanja wa Mnazi Mmoja na watoto, na makundi makubwa yana shughuli zao. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, uwanja wa wazi ni bahati nasibu. Februari angalieni tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004: wiki hiyo wapigaji wengi na mafundi wa vipaza sauti huwa wameshakodiwa, hata kama tamasha lenyewe haliwahusu nyinyi. Kwa wenzetu wa Pemba, ngojeni watu wawe wameshauza karafuu zao ZSTC, shirika la serikali linalozinunua. Kuomba mchango wakati karafuu ziko juani kwenye majamvi ni kuwatia watu haya bure.

Usiku unaofaa ni Jumamosi. Usiku wa kuamkia Ijumaa waachieni wenye maulidi na dhikri. Kwenye kadi andikeni tarehe kwa nambari pamoja na jina la siku, kwa sababu wazee wetu wakisema "usiku wa Ijumaa" wanakusudia usiku wa Alhamisi, kwa kuwa siku yetu huanza jua linapokuchwa, na vijana wakisikia maneno hayohayo wanafahamu usiku unaofuata. Nimeona bibi mmoja amekuja na udi wake na mtungo wa asumini kwenye ukumbi mtupu, siku nzima kabla.

Kama mnafanyia uani au uwanjani, tazameni pia mwezi. Tarehe 13 hadi 15 za mwezi mwandamo mbalamwezi inawaka, umeme ukikatika shughuli haifi.

Hatua ya tatu: kibali na mahali

Nendeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Shughuli ya hadhara ya burudani inataka kibali, na sheha ndiye atakayewaandikia barua na kuwaelekeza muende wapi baada yake. Nendeni watu wazima wawili, mchana, na lengo lenu likiwa limeandikwa. Muulizeni mwisho wa muziki ni saa ngapi mtaani kwake, na muuheshimu.

Mahali pazuri ni ukumbi wa skuli au ua mkubwa wenye kuta. Ngome Kongwe ni pazuri mno, lakini kodi yake itakula viatu vya watoto. Angalieni msikiti ulipo. Muziki usianze mpaka Isha imeshasaliwa na watu wametawanyika, na vipaza sauti vielekezwe upande usio na msikiti wala mgonjwa.

Hatua ya nne: wapigaji

Taarab iliingia Unguja kupitia kasri. Inajulikana kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Kundi la Ikhwani Safaa liliasisiwa 1905, na la Culture Musical Club 1958. Lakini taarab kuwa yetu sisi wa Ng'ambo, kwa Kiswahili chetu na mambo yetu, tunamshukuru Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kuimba, na ambaye 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Ninamkumbuka kila tunapoandaa shughuli hii, kwa sababu alitoka kwenye nyumba za aina hiihii tunazozichangia.

Sasa kundi gani mlichague? Kundi kamili la taarab asilia, lenye kanuni, udi, nai, fidla, akodiani, dumbak na waitikiaji, ni watu wengi wa kuwalipa, kuwasafirisha na kuwalisha. Kama fedha zipo na ukumbi ni mkubwa, hakuna kinacholingana nalo. Kama hazipo, tafuteni kidumbak, kundi dogo la mtaani. Fidla moja, sanduku la besi, ngoma mbili ndogo za vidumbak, cherewa za kutikisa na mkwasa wa kugonga, na mwimbaji mwenye sauti ya kufika nyuma. Kidumbak hakihitaji umeme mwingi, kinakaa kwenye pembe ya ua, na kinawainua wanawake kwenye viti haraka kuliko kundi lolote. Njia ya tatu ni vijana waliosomea Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi pale Mji Mkongwe. Wanapiga asilia vizuri, wanakuja watu wanne au watano, na wengi wao wanafurahi kupigia mtaa badala ya hoteli. Rusha roho, taarab ya kisasa ya kinanda, nayo ina watu wake, lakini kwa shughuli hii siishauri. Nyimbo zake nyingi ni za mipasho, na usiku wa kuwasitiri watoto si usiku wa kurushiana maneno.

Jambo litakalowagombanisha na wapigaji ni tunza, kwa hiyo likateni mapema. Mila ya taarab ni kwamba mtu akiguswa na beti huinuka, akaenda kwa mwimbaji akichezesha mabega, akampa noti mkononi au akamwekea kichwani. Fedha hiyo ni ya wapigaji, na ni haki yao. Mwaka wetu wa pili tulidhani kila mtu amefahamu kwamba tunza yote ya usiku ule ni ya watoto. Wapigaji hawakufahamu hivyo, na walikuwa sahihi, kwa sababu hatukuwaambia. Maneno yalitoka ambayo hayakupaswa kutoka mbele ya wageni.

Tunachofanya sasa ni hiki. Malipo ya kundi yanaandikwa kwenye karatasi na kutiwa saini. Tunza za nyimbo zote ni zao. Isipokuwa wimbo mmoja, karibu na mwisho, tunaouita wimbo wa sinia. Sinia kubwa la shaba huwekwa mbele ya jukwaa juu ya kigoda, limetandikwa kitambaa cheupe na asumini pembeni, na mshereheshaji anatangaza kwamba kwenye wimbo huu mwimbaji hatunzwi, linatunzwa sinia. Wapigaji huurefusha wimbo huo kwa mapenzi yao. Mara moja uliendelea karibu nusu saa, watu wakizunguka sinia kama wanaozunguka bi harusi, na mpiga fidla alipomaliza alitoa noti mfukoni mwake akaiweka na yeye.

Hatua ya tano: sare

Hapa ndipo penye raha, na hapa ndipo tunapoweza kumfungia mtu mlango bila ya kujua.

Kanga huuzwa kwa doti, na doti ni vipande viwili vinavyofanana vilivyoshikana, ambavyo hukatwa katikati na kupindwa. Mkichukua nyingi kwa pamoja kutoka kwa wauzaji wa jumla Mchangani mtapunguziwa bei, na tofauti baina ya bei ile na bei ya rejareja iingie kwenye mfuko wa watoto. Kila atakayevaa sare atakuwa ameshachangia kabla hajafika ukumbini. Kukata na kupinda mpeni fundi wa mtaani mwenu, ikiwezekana mama anayeshona nyumbani kwake. Mpeni kazi hiyo kwa malipo kamili. Msimwambie ajitolee.

Someni jina la kanga kabla ya kuangalia rangi. Nimeshuhudia kamati imependa mji na pindo, ikalipia, ikarudi nyumbani, ndipo mtu akasoma maandishi: yalikuwa ya kumsuta mke mwenza. Wanawake wawili waliokuwa kwenye hali hiyo walijitoa, na hakuna aliyethubutu kuwalaumu. Chagueni jina la kheri, kama "Wema hauozi" au jingine la namna hiyo, na mulisome kwa sauti mbele ya wanakamati wote.

Kisha tangazeni njia tatu za kuwa ndani ya sare, na mzitangaze zote kwa sauti moja, pasi na moja kuonekana ni ya wanyonge. Ya kwanza, doti nzima: moja ya kujifunga au kushonea gauni, moja ya kujitanda. Ya pili, mashoga wawili wanunue doti moja wagawane, kila mmoja ajitande kipande chake juu ya nguo aliyonayo. Hii ya pili imekuwa kipenzi cha vijana, wanakuja wawili wawili, na sasa hata mwenye uwezo wa doti tano huchagua kugawana na shoga yake. Ya tatu, kanga yoyote ya zamani yenye rangi ileile. Mwaka wetu wa rangi ya zambarau bibi mmoja alikuja na kanga ya ujanani mwake iliyofifia mpaka ikawa kama moshi, na hakuna sare iliyotazamwa usiku ule kama hiyo.

Viti visipangwe kwa sare. Mstari wa mbele ni wa wazee, kwa umri, wamevaa walichovaa.

Wanaume wao ni kanzu na kofia ya kiua, wala hawana haja ya sare nyingine. Kofia hizi hushonwa kwa mkono, tundu baada ya tundu, na wanaozishona ni wanawake wa Unguja na Pemba, kazi ya wiki nyingi kwa kofia moja nzuri. Tunanunua mbili au tatu moja kwa moja kutoka kwa washonaji, kwa bei wanayoitaja wenyewe, kisha tunazinadi usiku wa shughuli. Mshonaji ameshalipwa, na kinachozidi kwenye mnada ni cha watoto.

Kuhusu manukato na maua nina maneno machache tu. Asumini ichumwe alasiri ikiwa bado tumba, itungwe kabla ya magharibi, na itafunguka yenyewe kifuani mwa watu saa tatu usiku. Mkinunua iliyokwisha funguka, itakuwa imesinyaa wimbo wa tatu. Vikuba vya asumini na mrehani wape kazi wasichana wa chuo, wanavifunga vizuri. Chetezo cha udi kikae mlangoni pamoja na mrashi wa marashi ya waridi, na mtu mzima mmoja wa kuwapokea wageni kwa vyote viwili. Hina ipakwe siku moja kabla. Piko nyeusi ya unga wa kutilia nywele rangi msiwapake watoto hata kidogo, na watu wazima nao waiepuke: ina dawa inayochoma ngozi ya baadhi ya watu ikaacha mabaka na malengelenge. Hina ya majani inatosha, na wekundu wake ndio unaopendeza kwenye mwanga wa taa.

Hatua ya sita: chakula kwa kikoa

Tuna neno letu zuri la kikoa, watu kujumuika kila mmoja akatoa sehemu yake. Gawaneni hivyo. Nyumba moja kachori, moja katlesi, moja bajia na chatne, moja sambusa, moja visheti, na wanaojua urojo wapewe masufuria wasibughudhiwe. Halua ikitoka Wete na kahawa ikiwa tungu, wanaume hawataondoka mapema. Kila sahani iuzwe kwa bei ya chini na ya aina moja, mauzo yote kwenye mfuko. Nyumba isiyoweza kuleta chakula ipewe kazi nyingine ya heshima, kama kusimamia kahawa au kuteka maji. Mtu asiachwe bila ya kazi.

Hatua ya saba: fedha

Ahadi tunayowapa watu ni kwamba gharama za usiku zinalipwa na tiketi pekee. Sinia, mnada, chakula na faida ya kanga hazilipii kiti hata kimoja. Ili ahadi hiyo itimie, hesabu ifanywe kabla. Tuseme, kwa mfano tu, wapigaji wanataka shilingi 600,000, vipaza sauti 150,000, viti na maturubai 150,000. Jumla 900,000. Mkiuza tiketi 180 za shilingi 5,000, mmemaliza. Ukumbi unachukua watu 120? Basi ama mpandishe tiketi ifike 7,500, ama mrudi kwenye kidumbak. Mimi ningerudi kwenye kidumbak. Tiketi ikipanda, jirani anayetaka kuja na binti zake wawili anabaki nyumbani akisikiliza kwa mbali.

Fedha zishikwe na watatu: mmoja anapokea, mmoja anaandika, mmoja ana ufunguo wa kisanduku. Wasiwe ndugu wa nyumba moja. Michango ya simu iende kwenye namba moja iliyotangazwa, na kila jioni ujumbe wake uandikwe daftarini. Usiku uleule, kabla ya mtu kwenda kulala, kisanduku na sinia vihesabiwe mbele ya sheha au mjumbe wake. Siku ya pili bandikeni karatasi kwenye baraza mnalokutania: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na idadi ya watoto. Majina ya waliotoa yanaweza kuandikwa kwa idhini yao. Wengine watakuombeni muandike "mja wa Mungu", andikeni hivyo.

Zaka msiichanganye humu. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60, na ina masharti yake. Mtu akileta bahasha akasema ni zaka, mwelekezeni kwa imamu au kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na kuna wazee wanaoona vibaya mchango kukusanywa kwa muziki. Msibishane nao. Wekeni njia ya kuchangia bila ya kuja ukumbini, na mtaona kwamba baadhi yao ndio watakaotoa zaidi.

Hatua ya nane: usiku wenyewe

Milango saa mbili na nusu, baada ya Isha. Wapigaji waanze na bashraf, bila ya kuimba, watu wakae, watulie, harufu ya udi iwashike. Hotuba moja ya dakika tano: lengo, idadi, ahadi ya fedha. Hakuna mtoto wa kupanda jukwaani, hakuna picha ya mtoto, hakuna kisa cha nyumba ya mtu hata kama jina limefichwa, kwa sababu mtaani kisa bila jina hujulikana kwa dakika mbili.

Sehemu ya wanawake itengwe kwa pazia, na mshereheshaji atangaze mapema kwamba humo simu hazipigi picha. Wengi watavua mabuibui kwa kuwa wamo miongoni mwa wenzao. Picha moja ikitoka nje, mwaka ujao hawatakuja, na watakuwa na haki. Anayetaka kumbukumbu apigwe kwa hiari yake kwenye pembe iliyotengwa.

Nyimbo za taratibu mwanzo, za kuchangamka katikati, mnada wa kofia saa nne, wimbo wa sinia saa tano, na kufunga kwa saa aliyoitaja sheha. Nyoyo zenu zitawaomba muongeze wimbo mmoja. Msiongeze.

Hatua ya tisa: kufikisha vitu

Tulikuwa tukigawa mikoba nyumba kwa nyumba usiku. Tukaacha, kwa sababu watu wanaogonga mlango na mikoba mipya saa tatu za usiku hujulikana mtaa mzima. Sasa tunafanya hivi. Kwa sare za skuli, mwalimu huwapima wanafunzi wote wa darasa, wenye shida na wasio na shida, akisema ni kwa ajili ya kumbukumbu za skuli. Vipimo vya namba zetu ndivyo vinavyokwenda kwa fundi. Kwa viatu, tunalipa dukani mapema, na yule mama wa siri humpa mzazi kikaratasi chenye namba tu. Mzazi huenda na mwanawe kama mteja mwingine, mtoto huchagua mwenyewe baina ya aina mbili tatu, huvijaribu, hutembea navyo dukani, na muuzaji humfungia. Mtoto hajui kwamba kuna mtu mwingine aliyelipa. Ninasisitiza huku kuchagua. Viatu alivyochagua mtoto mwenyewe havilali chini ya kitanda.

Madaftari hupitia kwa mwalimu, yakaongezwa kwenye yale anayogawa darasani.

Katika Surat al-Baqara, aya ya 271, tumeambiwa kwamba kuzidhihirisha sadaka ni jambo zuri, na kuzificha na kuwapa mafakiri ni kheri zaidi kwetu. Usiku wa taarab ni ile sehemu ya kwanza ya aya. Kikaratasi chenye namba ni ile ya pili.

Kila kitu kikishafika, watatu wale hukutana nyumbani kwa yule mama, siku ya kazi, mchana wa kawaida. Daftari la fedha linawekwa sandukuni, maana litaulizwa mwakani. Karatasi ya majina inachanwa vipande, na vipande vinatiwa kwenye chetezo chenye makaa, juu yake udi uliobaki.